Mifupa Yangu Haikukaribishwa Kukaa

Ndoto niliyoota usiku wa kuamkia leo ilianzia mahali pa heshima kabisa: kwenye foleni. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja, kadi ya kliniki mkononi, na mlinzi wa mlangoni akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akauliza, "Mmekuja wote?"

"Nimekuja peke yangu," nikasema.

"Sijauliza hivyo, mama. Nauliza kama mmekuja wote. Mafuta, Misuli na Mifupa."

Nikageuka nyuma. Walikuwepo, wamesimama kwa mstari kama watoto wa shule.

"Tupo," nikasema.

Akatupa namba. Mafuta alipata namba moja, Misuli namba mbili, na Mifupa wakapewa mia tatu na tisa. Nikamuuliza kwa nini wakati tumefika pamoja na tunakaa nyumba moja. Mlinzi akanijibu kwamba utaratibu wao ni kuanza na wanaoonekana.

Hapo inabidi nijitambulishe, maana mtu anaweza kudhani mimi ni mwendawazimu. Naitwa Agripina Banzi, fundi cherehani, Morogoro, miaka hamsini na mmoja. Mume wangu ni Remigius, mwalimu mstaafu, mpole kupita kiasi. Nina baridi yabisi mwaka wa tisa sasa. Nilipoanza kuumwa viungo niliandikiwa vidonge vidogo vyeupe, nikaambiwa nimeze wiki mbili kisha nirudi. Sikurudi. Vilinifaa mno, na muuzaji wa duka la dawa la mtaani kwetu si mtu wa maswali.

Baada ya miezi sita uso wangu ulikuwa umejaa, shingo imejikunja mikunjo miwili ya kupendeza, na tumbo linanitangulia kuingia ukumbini. Sasa kwetu mtu akijaa mashavu hatumuulizi anaumwa nini. Tunampongeza. "Agripina, umenawiri!" "Shemeji anakutunza!" Wifi yangu, aliyeniita ufagio miaka kumi na tano, aliomba tupige picha pamoja. Mimi nani nikatae? Nikaongeza kidonge cha pili. Sifa zilipopungua kidogo, nikaongeza cha tatu.

Tangu Krismasi mgongo unaniuma. Dokta Luhanga aligundua ninavyomeza, akanigombeza dakika ishirini bila kupumua, akaniandikia kipimo cha mifupa: waone ni imara kiasi gani, na katika mwili huu mafuta ni kiasi gani na nyama kiasi gani. Tarehe ilikuwa leo, saa tatu asubuhi. Jana kabla ya kulala nilimwambia Remigius kwamba siendi, nina magauni kumi na manne ya sare ya kukata. Ukweli ni kwamba niliogopa ile karatasi ya majibu. Ukishakuwa na karatasi hujanawiri tena, wewe ni mgonjwa mnene.

Basi, ndani ya ndoto, naingia chumba cha vipimo. Muuguzi ana sauti ya kutangaza treni. "Kila kitu cha chuma nje!"

Navua pete. Navua hereni. Navua na kile cha ndani chenye vikulabu.

"Na mdomoni," anasema.

Kweli, mimi nashona huku pini ziko mdomoni. Nafungua mdomo na pini zinatoka kwa foleni, moja baada ya nyingine, na kila moja inampa muuguzi shikamoo. Anaitikia zote. Inachukua robo saa. Ya mwisho inaomba radhi kwa kuchelewa, inasema ilikuwa imelala kwenye jino la nyuma.

Mbele yangu yupo mzee aliyewekewa chuma kwenye paja baada ya ajali ya pikipiki. Anaambiwa paja aliache mapokezi, atapewa risiti. Mzee anaitazama risiti, anaikunja, anaitia mfukoni.

"Nilikuwa nimeshalizoea," ananiambia.

"Pole, baba."

"Si kitu. Wamesema halitapotea."

Muuguzi bado hajaridhika. Kitanda ni cha chuma, kinatolewa. Bawaba za mlango zinatolewa. Misumari ya paa inashuka yenyewe kwa adabu, na mabati, yakiona hayana cha kuyashika, yanaondoka yakipunga mkono. Sasa tumesimama kwenye jua.

"Sasa tunaweza kuanza," anasema muuguzi, kisha anaitazama mashine. Mashine nayo ni ya chuma.

Mashine inaguna, inavuta waya wake, inasema, "Sheria ni sheria," na inatoka nje kwa miguu yake minne.

"Sasa nitapimiwa wapi?" nauliza.

"Popote itakapochoka. Ifuate."

Naifuata. Nafungua mlango usio na bawaba, na niko sebuleni kwa Shangazi Yustina, Kilosa.

Nyumba imejaa ndugu. Mashine imekaa kwenye kona karibu na kabati la vyombo, tayari imetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa imewekwa redio. Hakuna aliyeshangaa. Kwa Shangazi kitu chochote kisichotembea kwa dakika mbili hutandikwa kitambaa.

Mafuta alikuwa ametutangulia. Alikaa kwenye kochi kubwa peke yake, mwenye haya, mwenye harufu nzuri ya losheni, na Shangazi alikuwa amempigia goti. Shangazi yangu ana miaka themanini na mmoja na hajawahi kumpigia goti hata mkwe wake.

"Karibu sana, mgeni wetu," alimwambia. "Wewe ndiye uliyetutoa aibu ukoo huu."

"Nashukuru, bibi," alisema Mafuta. "Mimi ni asilimia arobaini na sita. Bila maneno yenu mazuri nisingefika hapa nilipo."

Vigelegele vikapigwa. Akaletewa sahani ya pilau yenye paja zima la kuku, na wifi yangu akamkalia ubavuni apigwe naye picha. Sitadanganya, nilijisikia vizuri. Nilimwona Mafuta kama mwanangu aliyefaulu mtihani.

Misuli alifika amechoka. Alitandika mkeka, akajilaza kabla hata ya kunawa mikono, akaanza kukoroma na kijiko mkononi.

Mifupa walibaki wamesimama mlangoni.

"Na wale ni akina nani?" Shangazi alininong'oneza. Shangazi akinong'ona watu wa stesheni wanasikia.

"Ni mifupa yangu, Shangazi."

"Mbona wamekonda hivyo? Ndiyo watu wa kutuletea mbele za wageni?"

"Wamekuja na mimi."

"Waambie wasubiri hapo hapo. Wasisogelee picha."

Nikawaambia wasubiri hapo hapo. Sikuwakaribisha kukaa. Ningependa kusema kochi lilikuwa limejaa, lakini lilikuwa na nafasi ya watu watatu. Mafuta alikuwa ameweka mkoba wake.

Mashine ikakohoa chini ya kitambaa. "Nahitaji wa kulinganisha naye," ikasema.

Droo ya chini ya mashine ikafunguka, akatoka binti. Alikuwa mrefu, msafi, amesimama wima mno. Alisalimia watu wote kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, kisha akahamia Kiswahili kama mtu anayebadilisha kituo cha redio.

"Wewe ndiye nani, binti yangu?" nikamuuliza.

"Mimi ni yule wa miaka thelathini mwenye afya njema. Mifupa ya watu wote hulinganishwa na yangu."

"Umekuwa na miaka thelathini tangu lini?"

"Tangu mashine ilipotengenezwa."

"Umewahi kuugua?"

"Hapana."

"Umewahi kubeba ndoo ya maji kichwani?"

"Ndoo ni nini?"

"Umezaa?"

Akafikiri. "Mtoto mmoja na robo tatu."

Shangazi akashika kifua. "Maskini! Robo iliyobaki ilipatwa na nini?"

"Sijui, bibi. Mimi si mtu. Mimi ni wastani."

Shangazi akamwonea huruma, akamkatia kipande cha keki. Wastani akala nusu yake kamili.

Mashine ikaeleza utaratibu. Mlango wa uani kwa Shangazi, ambao siku zote unatazama banda la kuku, sasa ulifungukia ngazi za kushuka chini. Kizingiti kilikuwa sifuri, na hapo ndipo Wastani alipokwenda kusimama. Ngazi ya kwanza kushuka iliandikwa hasi moja. Ya pili, hasi mbili. Nusu ngazi chini ya hapo ilifungwa kamba, na kwenye kamba kulining'inia kibao kilichosema: KUANZIA HAPA MIFUPA HUVUNJIKA KWA KUPIGA CHAFYA. Baada ya kibao ngazi ziliendelea gizani, na sikuona mwisho wake.

"Mifupa washuke mpaka mahali wanapoona panawafaa," ikasema mashine.

Wakapita katikati ya sebule, ndugu wakavuta sahani zao pembeni wasiguswe. Wakashuka hasi moja. Wakashuka hasi mbili. Nikajikuta nimesimama, roho juu. Wakafika kwenye kamba, wakaishika kwa mikono yote miwili, wakasimama.

"Ndiyo majibu hayo?" nikauliza.

"Hizo ni salamu tu," ikasema mashine. "Majibu hutoka mwenyewe akikubali kupimwa. Akikubali, huwa tunajua pa kuwakamatia, na wapo wanaopandishwa ngazi moja mbili. Asipokubali, mifupa huendelea kushuka. Huko chini mimi sioni."

Nikakimbilia ngazini. Kwenye ngazi ya hasi moja alikuwa ameketi Kidonge, mdogo, mweupe, amevaa koti la suti na begi liko miguuni. Alikuwa anachota chokaa kwenye magoti ya mifupa yangu kila wanapopita, anajaza kwenye mfuko wa plastiki, kwa utulivu wa mtu aliyeko kazini.

"Unafanya nini hapo?" nikamfokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nachukua vifaa. Uso ule haukujengwa kwa hewa."

"Nilikukaribisha wiki mbili!"

"Ndiyo. Wiki mbili zilipoisha nilifunga begi, nikasimama mlangoni." Akanionyesha begi, kweli lilikuwa limefungwa. "Hukunisindikiza. Mimi siondoki ghafla, mama. Nikiondoka ghafla nabomoa nyumba. Nilihitaji kusindikizwa, leo hatua hii, kesho hatua ile, na daktari awepo. Badala yake ukaniletea kaka zangu wawili."

Kaka zake walikuwa nyuma yake, wana mifuko mikubwa zaidi. Wakaniamkia.

Hasira iliniisha, ikabaki aibu.

Ndipo mmoja wa wale waliokuwa kwenye kamba akageuka. Alikuwa Pingili wa uti wa mgongo, wa kumi na mbili kutoka juu, yule yule anayeniuma tangu Krismasi. Alikuwa amejaa vitundu kama mkate wa jana. Akavua kofia.

"Mama," alisema, "sisi hatujaja kulalamika."

"Nakusikiliza."

"Tumesimama miaka hamsini na mmoja. Umebeba watoto watatu, tumesimama. Umeinamia cherehani mpaka alfajiri siku za Pasaka, tumesimama. Mafuta akisifiwa tunapiga makofi, ni ndugu yetu. Tunaomba kitu kimoja. Tutazamwe."

"Kutazamwa tu?"

"Kesho saa tatu. Unalala chali dakika kumi, hupumui kwa nguvu, basi. Hata sindano haipo."

Ningesema ndiyo. Naapa ulimi ulikuwa umeshajikunja kusema ndiyo. Lakini Shangazi Yustina alikuwa amefika kizingitini, amejishikilia kwa Wastani.

"Usithubutu, mwanangu!" alisema. "Marehemu mjomba wako alikuwa mzima kabisa mpaka walipompima. Ukipima ndiyo unaugua!"

"Ndiyo!" wakaitikia ndugu.

"Watakupa karatasi. Ukiwa na karatasi, yule wifi yako atasema nini? Atasema kumbe unono wenyewe ni wa dawa!"

Wifi yangu akashusha simu, akasubiri jibu langu kwa hamu.

"Tupige kura," akapendekeza Mafuta kwa upole. "Sisi ni watu wa kuheshimiana."

Kura ikapigwa pale pale, kwa asilimia. Swali lilikuwa moja: Agripina apimwe, asipimwe? Mafuta akanyoosha mikono yake arobaini na sita kwamba nisipimwe. Misuli alikuwa na kura hamsini, lakini alikuwa anakoroma, na Shangazi akaamua kwamba kukoroma ni kukubali. Mifupa wakanyoosha mikono yao minne. Ilikuwa myembamba, na mmoja ulitetemeka ukashushwa kabla ya kuhesabiwa.

"Mwenye mwili hajapiga kura," ikasema mashine. "Yeye akisema apimwe, kura nyingine zote ni porojo."

Sebule nzima ikanigeukia. Mafuta aliniangalia kwa macho ya upendo. Wifi alinyanyua simu tena apate uso wangu vizuri. Kule chini Pingili alinitazama, kofia mkononi, bila kunihimiza.

Nilifikiria magauni kumi na manne. Nilifikiria mtu akiniambia "pole" sokoni badala ya "umenawiri". Nikanyoosha mkono upande wa Mafuta.

Hakuna aliyenilazimisha. Nasema hivyo kwa sababu mpaka sasa ninapoandika najionea aibu, na ilikuwa ndoto.

Vigelegele vilikuwa vya kutoboa masikio. Wastani alinipa mkono wa pongezi, wa baridi. Kidonge akafungua mfuko mwingine.

Pingili akavaa kofia yake. "Sawa, mama," alisema. "Sisi si watu wa ugomvi. Ila tumechoka kusimama, na hatukukaribishwa kiti. Basi na sisi tunakaa."

"Mtakaa wapi?" nikapiga kelele. "Huko ngazini hakuna viti!"

"Tutakaliana wenyewe kwa wenyewe."

Akakaa juu ya mwenzake wa kumi na tatu. Hakukuwa na maumivu. Palisikika mlio mdogo tu, kama wa biskuti iliyokanyagwa juu ya zulia, kisha mwingine wa juu yake naye akashuka kumfuata.

Shangazi Yustina alichungulia kutoka kizingitini, akaridhika.

"Afadhali," alisema. "Wakiwa wafupi hivyo, angalau wanaonekana wamenenepa."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, jua limeshaingia dirishani. Nilimsikia Remigius uani akipepea jiko la mkaa. Nilijipapasa. Pete ilikuwepo, hereni zilikuwepo, mdomoni hakuna pini. Nikacheka peke yangu, nikamlaani Shangazi kidogo kwa moyo mwema, nikavaa dera langu la kijani na kuelekea uani kunywa chai kabla ya kuanza kukata sare.

Hatua ya tatu nilikanyaga pindo, nikaenda mbele mzimamzima, nikadakwa na fremu ya mlango.

Nikatazama chini. Dera hilo nililishona mwenyewe mwaka juzi, na pindo nililiweka vidole viwili juu ya sakafu, kwa sababu siwavumilii wanawake wanaofagia nyumba kwa nguo. Nalivaa kila siku ya Mungu. Halijawahi kugusa chini. Sasa lilikuwa limelala sakafuni, pande zote, mbele na nyuma, na kitambaa chenyewe ni cha pamba, kazi yake ni kusinyaa.

"Baba Editha," nikaita. "Njoo mara moja."

Alikuja na kipepeo cha mkaa mkononi. Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akapiga magoti, akashika pindo na kulivuta taratibu, akapima kwa vidole vyake vyenye masizi. Alipima mara mbili, maana ni mwalimu.

"Limezidi," alisema. "Hebu simama wima, mama Editha, nilione vizuri."

"Nimesimama wima."

Alidhani namtania. Akagonga kisigino changu kidogo, kama anavyogonga miguu ya meza iliyolegea.

"Simama wima basi."

"Baba Editha, nimesimama wima. Hapa ndipo ninapoishia."

Akainua uso akanitazama, na nikaona naye ameona. Saa ya ukutani ilisema saa moja na nusu. Nikamwambia aache chai, kadi ya kliniki iko chini ya vitambaa vya sare, aitoe. Akaitoa, akaifuta masizi kwa shati lake, akatoka kuita bajaji bila kuniuliza ya wapi.